Mtoto akiuliza habari za sayari, mtoeni nje akazitazame

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni akilalamika kwamba walimu wa chekechea wanawapotezea watoto muda kwa kuwaimbisha majina ya sayari, ilhali watoto wenyewe hawajamudu KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa sehemu moja ya malalamiko yake namuunga mkono, kwani kuyaimba majina manane kwa mpangilio hakumfanyi mtu ajue lolote kuhusu mfumo wa jua. Ninapotofautiana naye ni pale anapohitimisha kwamba habari za jua, mwezi na sayari ziachwe mpaka mtoto afike madarasa ya juu. Mtoto hangoji. Maswali haya humjia akiwa na miaka minne au mitano, kwa sababu vitu vyenyewe viko mbele ya macho yake kila jioni, na atakayekataa kumjibu hatakuwa ameliahirisha swali bali atakuwa amemwachia mtoto ajitungie jibu lake mwenyewe.

Nimefundisha madarasa ya mwanzo kwa miaka mingi na sasa nalea wajukuu, na swali la kwanza la anga ninalolisikia karibu kila mara ni hili: mbona mwezi unatufuata? Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliwahoji watoto wa kwao juu ya jambo hilohilo katika miaka ya 1920, akakuta kwamba wadogo waliamini kabisa kuwa jua na mwezi huandamana nao wanapotembea. Wazazi wengi hulicheka swali hili au hulizima, ingawa ni miongoni mwa maswali mazuri kuliko yote anayoweza kuuliza mtoto wa umri huo, na jibu lake linapatikana bila kitabu. Anayesafiri kwa basi jioni kutoka Tanga kwenda Moshi amwambie mtoto atazame dirishani: mistari ya mkonge iliyo kando ya barabara hupita kwa kasi hata haihesabiki, lakini milima ya Usambara hukaa nasi kwa muda mrefu kabla ya kuachwa nyuma, kwa kuwa iko mbali zaidi. Sasa mwezi uko kilomita 384,400 kutoka hapa, na safari yote ya kilomita 350 hivi haifiki hata sehemu moja ya elfu ya umbali huo. Kwa hiyo hatuwezi kuuacha nyuma, na jicho letu, lililozoea kwamba kila tusichokiacha nyuma kinakwenda pamoja nasi, hutuambia kuwa unatufuata. Mtoto wa miaka sita huelewa maelezo haya, nami nimeona wakiyarudia kwa wenzao kwa usahihi kuliko walivyoyapokea.

Athari ya kumkaririsha mtoto bila kumsikiliza ilionekana wazi katika utafiti ambao Stella Vosniadou na William Brewer waliuchapisha mwaka 1992, baada ya kuzungumza na watoto 60 wa shule ya msingi katika jimbo la Illinois, Marekani. Watoto wengi walijibu vizuri kwamba dunia ni duara, lakini walipoulizwa zaidi, na kupewa karatasi wachore, ikaonekana kwamba baadhi yao waliiwazia kuwa ni sahani ya mviringo, wengine waliona ni tufe lenye uwazi ndani ambamo sisi tunaishi juu ya sakafu bapa, na wengine walikuwa na dunia mbili, moja ya duara iliyo juu angani na nyingine bapa tunayoikanyaga. Watoto hao hawakuwa wajinga hata kidogo. Walikuwa wamepewa neno na watu wazima, wakawa na ardhi bapa mbele ya macho yao, wakajitahidi kuvipatanisha vyote viwili kwa akili zao wenyewe. Laiti walimu wangekuwa wanauliza swali la pili baada ya kupata jibu sahihi la kwanza, makosa ya namna hiyo yangegunduliwa mapema sana.

Kuna jambo moja ambalo sisi tunaoishi karibu na Ikweta hatulithamini. Mwezi Juni mtoto wa mji wa Oxford, Uingereza, hulala kukiwa bado kweupe, maana jua huko huzama karibu na saa 3 na nusu usiku. Hapa Tanga jua huzama kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 50 jioni, mwaka mzima, na ifikapo saa 1 na nusu giza limekwisha kutanda, wakati mtoto bado hajala chakula cha usiku. Zaidi ya hayo, njia inayofuatwa na jua, mwezi na sayari angani husimama kwetu karibu wima inapokutana na upeo wa macho, na kwa sababu hiyo Zuhura inapokuwa sayari ya jioni hukaa juu vizuri upande wa magharibi, wala haijifichi katika ukungu wa chini. Ndiyo sababu pia mwezi mwandamo kwetu hulala chali kama mashua, ilhali vitabu vya picha vinavyochapwa Ulaya huuchora umesimama. Mtoto wa Pwani aliyewahi kutoka na wazee kuutafuta mwezi wa Ramadhani hujua hivyo tangu utotoni, na akionyeshwa kitabu cha namna hiyo atauliza, kwa haki kabisa, nani anayesema kweli. Mwalimu amjibu kuwa wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa mahali anaposimama, na hapo hapo somo la umbo la dunia litakuwa limeanza.

Nina neno pia kuhusu zile chati za mfumo wa jua zinazouzwa madukani na kubandikwa katika kuta za madarasa. Sayari zote hupangwa zimebanana, zikiwa na ukubwa usiopishana sana, na jua limekatwa pembeni kwa sababu ya kukosa nafasi. Mtoto akiitazama chati hiyo kwa mwaka mzima ataamini kwamba Mirihi na Zohali ni majirani. Badala yake, mwalimu achukue mpira wa kawaida wa miguu, wenye upana wa sentimita 22, auweke katika mstari wa goli na kusema hili ndilo jua. Kwa kipimo hicho dunia ni punje ya ulezi ya milimita 2, nayo inawekwa mita 24 kutoka kwenye mpira. Mwezi ni chembe ya mchanga iliyo sentimita 6 kutoka kwenye punje hiyo. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ni gololi kubwa ya zaidi kidogo ya sentimita 2, na mahali pake ni mita 123, yaani nje ya uwanja. Neptuni ni punje ya dengu iliyo mita 700 na zaidi, pengine kule sokoni. Mtoto akiuliza nyota iliyo karibu zaidi baada ya jua iwekwe wapi, aambiwe kwamba ingebidi iwekwe Ulaya, kilomita zaidi ya 6,000 kutoka hapo walipo. Nadhani msomaji mwenzangu mwenye wasiwasi kuhusu KKK atakubali kwamba darasa linalopima mita 24, kisha mita 123, na kuandika vibao vya majina liko katikati ya kuhesabu na kuandika.

Wala jambo hili si geni. Mnamo Machi 1930, baada ya kutangazwa kwamba Clyde Tombaugh amegundua kitu kipya ng'ambo ya Neptuni akiwa katika kituo cha kutazamia nyota cha Lowell, jimbo la Arizona, Marekani, msichana wa miaka 11 wa Oxford, Venetia Burney, alisomewa habari hiyo na babu yake wakati wa kifungua kinywa, akasema kwa nini kisiitwe Pluto. Babu, aliyewahi kuwa mkutubi mkuu wa maktaba ya Bodleian, hakumwambia ale chai yake anyamaze. Alipeleka pendekezo hilo kwa profesa wa astronomia, profesa akalituma Arizona kwa simu ya maandishi, na jina likakubaliwa. Watu hupenda kusimulia kisa hiki kama bahati ya mtoto mwenye babu msomi. Mimi hunivutia zaidi jambo ambalo Venetia mwenyewe alilieleza uzeeni, kwamba shuleni kwao walikuwa wakicheza katika bustani ya chuo kikuu kwa kuweka mabonge ya udongo yakiwa yameachana kwa vipimo vya sayari. Alikuwa amekwisha kuutembea mfumo wa jua kwa miguu yake kabla ya kutoa pendekezo lake. Kwamba wanaastronomia waliokutana Prague Agosti 2006 waliiondoa Pluto katika orodha ya sayari na kuiita sayari kibete hakumpunguzii kitu, na kwa mtoto wa leo ni habari njema, kwa sababu inamwonyesha kwamba elimu hii bado inasahihishwa.

Gharama haiwezi kuwa kisingizio. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali huonekana kwa macho matupu, na mwenye darubini ndogo ya macho mawili, akiiegemeza ukutani isitikisike, ataiona miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliigundua Januari 1610. Wenzetu wa mkoa wa Songwe wana Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma kutoka angani linalokadiriwa kuwa na tani 16, ambalo mtoto anaweza kuligusa kwa mkono. Onyo ni moja tu, nalo halina mjadala: asiachwe kamwe kulitazama jua lenyewe, kwa macho wala kwa darubini.

Kinachokosekana ni taarifa. Mzazi aliye tayari kumtoa mtoto nje hajui kama ile nukta inayong'aa magharibi ni Zuhura au Mshtarii, na hivyo huona afadhali anyamaze. Jua lilipopatwa tarehe 1 Septemba 2016, vyombo vya habari vilitangaza mapema, na watu wakasafiri hadi Rujewa, wilayani Mbarali, kulitazama likiwa pete. Mienendo ya sayari hukokotolewa miaka mingi kabla, na kuichapisha hakuhitaji mwandishi kutumwa popote. Naliomba gazeti lako litenge mistari mitano tu kila Ijumaa, kando ya hali ya hewa na ratiba ya ligi, ikitaja ni sayari zipi zitaonekana juma hilo, upande upi, kuanzia saa ngapi, na ni jioni ipi mwezi utapita karibu nazo. Nafasi ikiwa finyu, nipo tayari kuiandaa mistari hiyo mwenyewe bila malipo na kuileta ofisini kwenu kila mwanzo wa mwezi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga.