Elm na Gleam nazo zifundishwe vyuoni

Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia huzungumzia JavaScript na PHP kana kwamba tovuti haiandikiki kwa lugha nyingine ya programu. Naomba nafasi niitetee Elm, ambayo wanafunzi wanaokuja ofisini kwetu Mwanza kwa mafunzo ya vitendo huwa hawajaisikia kabisa.

Natunza tovuti ya bei kwa wafanyabiashara wa dagaa wa mwaloni Kirumba. Nilipoikabidhiwa ilikuwa ya JavaScript. Siku ambayo bei ya gunia haijaletwa, simu ya mteja ilionyesha "NaN", yaani "si namba", mahali pa shilingi. Mama anayevuka na mzigo kutoka Ukerewe hawezi kupanga safari kwa bei ya namna hiyo.

Elm, aliyoibuni Evan Czaplicki mwaka 2012, hulizuia jambo hilo mapema. Bei inayoweza kukosekana huiandiki kama namba tupu, unaiandika kama Maybe: huenda ipo, huenda haipo. Kompaila, programu inayokagua na kutafsiri ulichoandika, haikupi tovuti mpaka useme kitakachoonekana ikikosekana. Tukaandika "Bei bado". Isitoshe, fankisheni, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi moja, ikipewa kitu kilekile hurudisha jibu lilelile, wala haigusi data ya mwenzake kwa siri. Ndiyo maana mwanafunzi mgeni hurekebisha ukurasa mmoja bila hofu ya kuvunja mingine. Hata Redux, zana ya kutunza data inayotumiwa na waandishi wengi wa React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa), ilichota mawazo kutoka Elm. Vijana wetu wanakunywa maji wasiyojua kisima chake.

Wakuu wa idara watauliza ajira, na wana haki. Nafasi za Elm ni chache mno, na matoleo yake hutoka kwa nadra, 0.19.1 ni la 2019. Anayetaka lugha changa aitazame Gleam ya Louis Pilfold, iliyofikia toleo 1.0 Machi 2024. Programu yake hugeuzwa kuwa JavaScript kwa ajili ya kivinjari, au lugha ya Erlang kwa ajili ya seva, kompyuta inayohudumia tovuti. Erlang yenyewe ilizaliwa Ericsson, Sweden, miaka ya 1980 kwa mitambo ya simu, na ndiyo iliyoibeba WhatsApp tunayopokelea bei kila alfajiri.

Sisemi JavaScript iondolewe. Naomba vyuo vitenge muhula mmoja baada yake, na gazeti lako lituandikie walau makala moja. Mwalimu anayehitaji mfano wa kuanzia, nitampa msimbo wetu wote.

Mtunza tovuti,
Kirumba, Mwanza