Mama amenipa sertifika (hati) ya nyumba yake niiweke rehani benki. Niipokee?

Mama mshauri, pamoja nanyi wasomaji,

Nawaandikia kutoka Lubumbashi. Mimi ni muuguzi, nina miaka 38. Bwana wangu ni fundi umeme katika kampuni ndogo inayofanyia migodi kazi, na Mungu ametujalia watoto watatu. Tunapanga Bel-Air kwa dola 180 kila mwezi. Mwenye nyumba ametuambia kuanzia Januari kodi itakuwa 220, tena tuongeze garanti, ile feza ya kumwekea mbele, ifike miezi sita, ingawa sheria ya Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Sikubishana naye. Mvua zimekwisha kuanza na sina pa kuwapeleka watoto.

Tuna kiwanja Kalebuka tulichonunua mwaka wa 2019. Tumejenga kidogokidogo, feza ya likelemba (mchango wa kupokezana) ikija tunanunua matofali, bwana akilipwa saa za ziada tunanunua saruji. Kuta zimefika kwenye linto, juu ya milango na madirisha, zikasimama hapo. Miaka miwili sasa zinanyeshewa. Kila Novemba tunazifunika kwa bashi (turubai), na kila Aprili tukizifunua tunakuta matofali ya juu yamelika, ukiyagusa kwa kidole yanamomonyoka. Fundi alipiga hesabu ya mbao, bati, milango, madirisha, plasta na choo: dola 15,000. Ndiyo maana nikaenda benki, kwa kuwa mshahara wangu unapitia hapo tangu miaka sita.

Afisa wa mikopo alinipokea vizuri, sina lawama juu yake. Alinionyesha kwenye kompyuta: dola 15,000, miezi 60, riba ya 14 kwa mia kwa mwaka, ningelipa dola 349 kila mwezi. Ukijumlisha yote ni karibu dola 20,940. Nilisema sawa, kwa sababu mimi napata 620 na bwana 480, na benki haitaki malipo yapite theluthi moja ya mapato. Theluthi ya 1,100 ni 366. Tunaingia.

Lakini mshahara wa bwana hawauhesabu. Kontra yake ya kazi ni ya mwaka mmoja, na imeshafanywa upya mara tatu. Benki inataka kontra isiyo na mwisho. Nimesoma kwamba kwa sheria ya kazi ya 2002, kontra ya muda inafanywa upya mara moja tu na mwajiri yuleyule, ikipita hapo inahesabiwa kuwa ya kudumu. Nilimwambia bwana akaulize ofisini kwao. Alininyamazia, kisha akasema: "Wale walioulizaka, kontra yao haikurudiliwa." Tangu siku hiyo sijamsukuma. Basi kwa mshahara wangu peke yangu theluthi ni dola 206, na kwa 206 benki inaweza kunipa kama 8,800 tu.

Jambo la pili ni karatasi za kiwanja. Tulicho nacho ni fishi ya lupango, yaani karatasi ndogo ya kiwanja, na karatasi ya mauzo yenye muhuri wa chefu wa kartie (mtaa). Nilidhani zinatosha, kwa sababu majirani wote wa Kalebuka wana hizohizo. Afisa akanieleza kwamba tangu sheria ya Julai 1973 udongo wote ni wa Leta (serikali), na sisi tunapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inashuhudiwa na sertifika ya konservatere, msajili wa ardhi, peke yake, na rehani ya benki inaandikwa juu ya sertifika hiyohiyo. Bila sertifika hakuna mahali pa kuiandika. Ili tuipate, inabidi kadasta, wapimaji wa ardhi, waje kupima na kuweka mipaka, tupewe kontra na Leta, waje tena kuthibitisha kwamba tumejenga kweli, na kila hatua ina malipo yake. Aliniuliza pia kama bwana atakubali kutia sahihi pamoja nami. Hilo halikunisumbua. Najua kwamba tangu 2016 mwanamke aliyeolewa haombi tena ruhusa ya mume kwa ajili ya kufanya mkataba, ila mali ya nyumba ni yetu sote wawili, tutie sahihi wote wawili.

Nilipokuwa nasimama niondoke, akasema: "Mama, kama kuna mtu wa familia mwenye sertifika anayeweza kukusimamia, rudi tuzungumze." Akaongeza kwamba kwa dhamana ya namna hiyo wangeweza kuangalia upya hata mshahara wa bwana.

Kosa langu ni kwamba nilimsimulia mama.

Mama anakaa Katuba, kwenye nyumba aliyojenga marehemu papa. Papa alikuwa mtu wa karatasi, alihangaika mpaka akapata sertifika yake. Siku tatu baada ya kumsimulia, mama akanipigia simu niende. Alikuwa amefunga mlango. Alitoa chini ya kitanda lile sanduku la bati, akatoa kitenge, akafungua fundo, ndani mna mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko sertifika, imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kutoboka. Jina la papa, volume na folio (kitabu na ukurasa wa usajili), muhuri umefifia. Akaiweka mikononi mwangu, akasema: "Chukua, mutoto. Mimi nitakufa, karatasi itabaki mu sanduku. Afazali ikusaidie nikingali naona."

Nililia. Nikaichukua.

Niliporudi benki ndipo nikaelewa uzito wake. Papa alifariki mwaka wa 2017, na jina kwenye sertifika ni lake bado. Kwanza ni lazima mirathi ifunguliwe, sertifika ibadilishwe, na warithi wote watie sahihi. Sisi watoto tuko wanne, na sheria ya familia inatupa robo tatu ya urithi. Mama, kama mjane, ana haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Afisa akasema kwa sauti ya chini kwamba mama naye atatakiwa kutia sahihi karatasi ya kuachilia haki hiyo mbele ya benki. Yaani tukishindwa kulipa, nyumba iuzwe naye akiwa ametoka. Mama ana miaka 71. Hasomi Kifaransa. Atatia sahihi popote nitakapomwonyesha kwa kidole, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Ndugu zangu wamegawanyika. Yaya wetu, mkubwa wetu wa kwanza, aliye Kolwezi, amekataa kabisa, anasema nyumba ya papa haitaingia benki yeye akiwa hai. Mdogo wangu wa kike amekubali bila swali. Wa mwisho, aliye Likasi, atatia sahihi kama nitamkatia dola 1,500 juu ya mkopo. Kusema kweli, huyo ndiye aliyeniumiza kuliko yule aliyekataa. Yaya angalau anamfikiria mama.

Bwana wangu anaona tuchukue hizo 8,800 kwa jina langu, kama benki itakubali kuzikata tu kwenye mshahara bila sertifika, tuezeke vyumba viwili na kuhamia hivyohivyo, bila plasta, kodi ya Bel-Air iingie kwenye deni. Mimi naogopa kwamba tukimaliza feza kwenye bati, kiwanja kitabaki na fishi yake ileile, na kesho atatokea mtu mwenye karatasi kubwa kuliko yetu. Moyo wangu unaniambia tuanze na sertifika ya Kalebuka hata kama kuta zitanyeshewa msimu mmoja tena. Lakini nikimwangalia mtoto wetu wa mwisho anavyolala sebuleni kwenye godoro la kukunja, nakosa nguvu ya kusema "tungoje".

Nawaomba waliokwisha kupita njia hii waniambie. Kuna mtu aliyeweka nyumba ya mzazi rehani, na ilikuwaje miezi ambayo mshahara ulichelewa? Kuna aliyepata sertifika huku Annexe, komini ilipo Kalebuka, ilimchukua muda gani, na alianzia ofisi gani? Na kwa ajili ya kontra ya bwana, kuna njia ya kuuliza haki yake bila kupoteza kazi, labda kwa kupitia sendika (chama cha wafanyakazi) au ukaguzi wa kazi?

Na wewe Mama mshauri, nisaidie kwa hili moja. Sertifika ya papa iko kabatini mwangu, chini ya mashuka, sasa wiki ya tatu. Nataka kuirudisha Katuba. Kila nikipiga simu mama ananiuliza: "Benki wamesema nini?" Nimwambieje, asione kwamba nimekataa mkono wake?

Muuguzi wa Bel-Air, Lubumbashi