Tope si theluji, msiliache kando ya barabara

Mhariri,

Siku hizi trekta dogo la nguvu za farasi 20 hadi 30 halilimi tu. Mvua zikishajaza tope na mchanga kwenye barabara za vijiji vyetu vya Lindi na Mtwara, wenye matrekta hukodishwa kuzikwangua ili magari yapite. Kazi hiyo tunaiunga mkono kwa moyo wote. Kinachotuumiza ni tuta la tope linaloachwa pembeni.

Baadhi ya matrekta ya mtumba kutoka Japani huja na bledi, yaani bamba pana la chuma, ya kusukumia theluji. Kule dereva akishaisukuma kando amemaliza, itayeyuka yenyewe. Tope la huku hukauka likawa kama tofali. Mvua inayofuata, maji hayaufikii mtaro. Yanashika njia katikati ya barabara na kuchimba korongo.

Halafu kuna uzito. Theluji mpya yenye kina cha sentimita 10 kwenye mita moja ya mraba ina kilo 10 hivi; tope bichi la kina hichohicho hukaribia kilo 180. Bledi ya theluji ina springi zinazoiachia ijikunje ikigonga kitu kigumu, kwa hiyo kwenye tope hujikunja kila mara na kupita juu bila kukata. Madereva wenzetu, tumieni bledi ya nyuma, inayofungwa kwenye mikono mitatu ya haidroliki, na mbele ya trekta fungeni vyuma vya uzito. Bila hivyo, bledi ikiinuliwa pua inakuwa nyepesi na usukani haushiki.

Kwanza fungueni midomo ya mitaro na makalavati kwa jembe na koleo, maji yaondoke. Kisha fumbateni konzi ya tope: maji yakichuruzika kati ya vidole, subirini. Tope la majimaji hufuata matairi na kurudi palepale.

Bledi ya mita 1.5 ikigeuzwa nyuzi 30 husafisha upana wa mita 1.3, na upana huo lazima uzidi ule wa matairi ya nyuma, la sivyo trekta linakanyaga kile lilichokwisha kukwangua. Rekebisheni mkono wa upande hadi ncha inayoelekea mtaroni ishuke sentimita 6, ili barabara ibaki na mgongo katikati. Kateni sentimita 5 tu kwa kila mpito, gia nzito, mwendo wa mtu anayetembea. Mnaopenda kumaliza kwa mpito mmoja ndio mnaopinda mikono ya haidroliki na kung'oa changarawe iliyomwagwa kwa gharama kubwa. Kwenye mchanga fungeni magurudumu yote manne yavute, ila difu loki, inayofunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, iachieni kabla ya kukata kona.

Magurudumu yasiusogelee mtaro chini ya mita moja. Kingo zilizolowa humeguka, na trekta jembamba hupinduka upesi.

Mpito wa mwisho ni wa tuta lenyewe. Lisukumeni lote hadi upande wa bonde, ng'ambo ya mtaro. Pasipofikika, likateni kila baada ya mita 10 na kuchimba njia ya maji kwa jembe. Serikali za vijiji na vyama vya ushirika vinavyokodi matrekta visilipe kabla ya kuikagua barabara kwa miguu na kuona tuta limeondoka.

Mafundi na madereva wa matrekta,
Masasi, Mtwara