Kuhusu gari la kupima saratani ya mapafu

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Nimesoma maoni yenu kuhusu wazo la gari la kupima saratani ya mapafu kufika hapa Kirumba, Mwanza, na ninaona kwamba wengi hawaogopi mashine, wanaogopa kuonekana wakipanda ngazi za gari lile mbele ya majirani, ambao wataanza kunong'ona kuwa fulani ana kifua kikuu. Hofu hiyo ninaielewa. Hapa kwenye soko letu la samaki la Mwaloni habari husambaa kabla dagaa hawajakauka. Kipimo chenyewe ni picha ya CT, yaani eksirei inayoonyesha ndani ya kifua tabaka kwa tabaka, ya mionzi kidogo, hakihitaji sindano, na mtu hulala kwa dakika chache tu. Huko Manchester, Uingereza, magari ya namna hii yaliegeshwa kwenye maduka makubwa ili watu wapimwe karibu na shughuli zao. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kuwapima hivyo wavutaji sigara wa muda mrefu kulipunguza vifo vya saratani hiyo kwa asilimia 20, ikilinganishwa na eksirei ya kifua.

Mama zetu wanaobanika samaki kwa moshi wa kuni wameuliza kama nao wamo katika watu wanaofaa kupimwa. Utafiti ule ulihusu sigara, hivyo swali lao, ambalo naliona zito kuliko yote, nitalifikisha kwa daktari. Mengine yaandikeni hapa kabla ya Ijumaa.