Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, hamjambo nyote.

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba kodi ya ukumbi wetu hapa Makadara imepanda tena, na wenye madeni ya ada wanajijua.

Mijadala ya mwaka huu ilihusu namna wapiga kura wanavyohama kutoka kwa mgombea mmoja hadi mwingine chama cha siasa kinapotafuta wa kupeperusha bendera ya urais. Tulichukua mchujo wa chama cha Democratic cha Marekani wa 2020, alioushinda Joe Biden. Kuna walionung'unika kwamba ya Wamarekani hayatuhusu. Manung'uniko yaliisha siku tulipoigiza mchujo wa jimbo la Iowa.

Kule hawakutumbukiza kura sandukuni. Kila mtu alisimama na kundi la mgombea wake, na kwa kawaida kundi lisilofikisha asilimia 15 lilivunjika, watu wake wakabembelezwa na makundi mengine. Sisi tulishindanisha mahali pa kwenda matembezi. Kundi la Nanyuki lilipovunjika, watu wa Mombasa walishangilia wakidhani wamepata wafuasi. Wote wakahamia Naivasha, kwa sababu ya nauli.

Mzee wetu mmoja alikataa katakata kusimama. Alikuwepo kwenye mlolongo wa chama cha KANU wa 1988, ule wa kupiga kura kwa kujipanga nyuma ya mgombea, akapanga foleni ndefu huku chifu akitazama, kisha akatangazwa mshindi yule wa foleni fupi. Hatukumlazimisha.

Turudi kwa Biden. Iowa alikuwa wa nne, New Hampshire wa tano, na wengi walikwisha mzika. Tarehe 29 Februari akashinda South Carolina kwa karibu nusu ya kura, siku chache baada ya Jim Clyburn, mbunge wa jimbo hilo, kumuunga mkono. Wapinzani wake Buttigieg na Klobuchar wakajiondoa na kumpigia debe, na Machi 3 akachukua majimbo 10 kati ya 14 yaliyopiga kura siku hiyo. Mgombea Sanders, aliyekuwa akiongoza kabla ya hapo, alijiondoa Aprili 8.

Kwa maoni yangu, imani za watu hazigeuki kwa siku tatu. Waliokuwa na Buttigieg walikuwa na chaguo la pili mfukoni tangu mwanzo, na kura za maoni zinazouliza chaguo la kwanza pekee haziwezi kulionyesha. Kasarani, Septemba 2007, wajumbe wa chama cha ODM walimpa Raila tiketi ya urais kwa siku moja. Waliokuwa na Mudavadi na Ruto wangeelekea wapi kama wao wangejiondoa mapema, hakuna aliyewauliza.

Mwaka ujao kamati inapendekeza tufuatilie michujo ya hapa kwetu kuelekea 2027, tukiwauliza majirani chaguo la kwanza na la pili pia.

Kuhusu uchaguzi wa viongozi wetu leo, kuna waliopendekeza tupige mlolongo kwa kuwa ni wa haraka. Kamati imekataa. Karatasi za kura ziko kwa katibu, na sanduku liko karibu na birika la chai.