Hizi fonti za mikia kwenye kadi zinatupoteza

Mhariri habari za kazi, naomba nafasi kidogo maana hili limenikaa rohoni toka Jumamosi.

Mdogo wangu alikua na sendofu ya binti yake hapa Mbeya, ukumbi uko Iganzo. Kadi ikapigwa ile fonti ya mwandiko wa kuunga, imelala ina mikia, na kwa kweli inapendeza, hata mi niliisifia. Sasa wakaandika kadi nzima hivyo, ukumbi, saa, mpaka namba ya mchango. Baba mdogo katoka Tukuyu na miwani yake, ile z ina mkia akaona j, akashuka Uyole akaenda zake Iganjo! Kufika kwetu watu wanacheza kwaito, chakula kimeisha.

Mi nimeandika vibao vya maduka Mwanjelwa kwa brashi miaka mingi, kompyuta sijui, ila mwandiko naujua. Nikaenda steshenari kuuliza, kijana akanionesha jina, Edwardian Script, nikaambiwa kaichora Mmarekani Ed Benguiat 1994. Kuiona tu nikajua kaiga kalamu ya nibu ya kuchovya, ukishuka unakandamiza mstari unanenepa, ukipanda unalegeza unakua kama unywele, na huo unywele ndo wa kwanza kupotea wino ukipungua kwenye mashine au kadi ikipigwa picha ikarushwa WhatsApp.

Alafu majina wameyapiga herufi kubwa tupu, jamani! Kwenye mwandiko huu kubwa ni ya kufungulia neno, zinazoshikana mikono ni ndogo. Na huku kwetu koo kibao zinaanza na Mwa, we fikiria M imejikunja, W imejikunja, A nayo na mkia wake, zikipangwa pamoja ni uzi wa sweta uliochezewa na paka. Bibi harusi mwenyewe kasoma jina la baba yake mara mbili.

Vijana wa kadi siwakatazi, mikia wekeni kwenye majina ya maharusi, tena yawe makubwa yapumue, ila ukumbi na namba ya simu andikeni herufi za kawaida zilizosimama. Harusi yenyewe mwezi ujao na kadi bado hazijapigwa, nshamwambia mdogo wangu siku hiyo ntasimama mwenyewe nyuma ya huyo kijana na kompyuta yake.

Mchora vibao wa zamani,
Mwanjelwa, Mbeya