Barua ya wazi kwa msimamizi wa nyota za nyumba za wazee Marekani

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KIPIMO CHA KUANGUKA KATIKA NYOTA ZA NYUMBA ZA WAZEE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua zangu mbili zilizotangulia zilijibiwa kwa adabu kwamba maoni ya familia yanathaminiwa. Hii ya tatu nimeona niiandike mbele ya watu.

Mama yangu anaishi mwaka wa tatu sasa katika nyumba ya wazee ambayo sitaitaja. Usiku mmoja alibonyeza kengele, hakuitikiwa, akajikokota kwenda msalani peke yake, akaanguka na kuvunjika nyonga. Alifikishwa hospitalini asubuhi, na Medicare, bima ya afya ya serikali ya shirikisho kwa wazee, ikalipia upasuaji. Juma lililopita nilifungua takwimu zenu mpya zinazohusu kipindi kile, nikaona kwamba wakazi wa muda mrefu walioanguka na kuumia vibaya katika nyumba hiyo ni sifuri. Ama mama yangu hakuanguka, Mheshimiwa, ama si mkazi.

Tangu Desemba 2008 mmetuambia kwamba nyota moja hadi tano zitatusaidia kulinganisha nyumba hizi. Niliziamini kiasi cha kuipita nyumba iliyo jirani na kwangu na kumpeleka mama mwendo wa saa nzima kwa gari, kwa sababu ya nyota mbili za ziada. Katika nyota hizo, ukaguzi hufanywa na wakaguzi wa jimbo, na saa za wauguzi siku hizi huchukuliwa kwenye rekodi za mishahara; hayo nayakubali. Lakini vipimo vingi vya ubora, hiki cha kuanguka kikiwamo, hutoka kwenye fomu za tathmini ambazo nyumba yenyewe huzijaza. Mtahiniwa anajisahihishia mtihani, nanyi mnaibandika alama yake mlangoni ili sisi tuichague.

Wala si mimi peke yangu nisemaye hivyo. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Afya ya shirikisho alieleza kwamba nyumba za wazee hazikuripoti asilimia 43 ya matukio ambapo wakazi wenye Medicare walianguka, wakaumia vibaya na kulazwa hospitalini. Alijuaje? Alisoma bili za hospitali.

Sasa kuna fedha. Kwa sheria ya 2014, tangu Oktoba 2018 mnakata asilimia 2 ya malipo ya Medicare kwa nyumba zenye uuguzi wa kitaalamu, kisha mnarudisha takriban asilimia 60 ya makato hayo kama motisha kulingana na alama. Miaka ya mwanzo mlitazama jambo moja tu, wagonjwa kurudishwa hospitalini ndani ya siku 30. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2027 kipimo cha kuanguka nacho kinaingia katika hesabu hiyo, pamoja na idadi ya wakazi wa muda mrefu wanaolazwa. Nyumba iliyoandika sifuri bila malipo, itaandika nini ikilipwa?

Utaniwia radhi nikishuku kwamba hofu ya hesabu za kulazwa hospitalini, ambazo tayari zimo katika nyota, ndiyo iliyomchelewesha mama hadi kukapambazuka. Sina ushahidi. Huenda ulikuwa uchache wa watu tu, maana zamu ile ilikuwa na mhudumu mmoja kwa korido nzima. (Kuhusu uchache sina la kuongeza: kanuni ya 2024 iliyotaka saa 3.48 za uuguzi kwa kila mkazi kwa siku ilibatilishwa na mahakama ya shirikisho huko Texas mwaka 2025, kabla mama hajaonja hata dakika yake moja.)

Sikuombi wakaguzi wapya wala bajeti mpya. Bili ya nyonga ya mama ilipita mikononi mwa serikali hiyohiyo inayotoa nyota. Nakuomba fomu za nyumba zilinganishwe na bili za hospitali kabla nyota haijatolewa, na kabla dola moja ya motisha haijalipwa. Kama Mkaguzi Mkuu aliweza kulinganisha, ofisi yako inashindwa na nini? Linganisheni bili, Mheshimiwa, na safari hii nijibiwe kwa tarehe, si kwa shukrani.

Wako anayesubiri,
Mtoto wa mkazi asiyehesabiwa